Hadubini Ilipotakiwa Kutaja Mtu

Vijana wangu wa maabara, kila mkinitembelea mnaanza na mamba. Bibi, ulichota maji ya ziwa miaka yote ile, hukumwogopa mamba? Nilimwogopa, ndiyo, na kiboko nilimwogopa zaidi, kwa sababu mamba ana njaa yake unayoielewa, lakini kiboko hukasirika bila kukwambia umemkosea nini. Hata hivyo, siku ninazoshtuka usingizini, siamshwi na mnyama. Naamshwa na watu waliokaa kimya kwenye josho la ng'ombe, wakinisubiri nitaje jina.

Nitafika huko. Kwanza niwafundishe kitu, msije mkasema mmekula wali wangu bure.

Mimi ni Kabula, mzaliwa wa Shinyanga, na mkubwa wangu wa kwanza katika maabara ya maji alikuwa Mzee Lubinza, Msumbwa wa Ushirombo aliyekulia jirani na misheni. Kwa hiyo kila kazi kwake ilikuwa kama ibada. Ukitaka kuchota, alisema, usuuze chupa kwa maji yaleyale unayotaka kuyachota, la sivyo utaleta maabara habari za maji ya jana. Ukishachota, tia ayodini tone kwa tone mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi. Hapo vile vijimea vidogo vya mwani hufa, huzama, na kukungoja chini ya chupa. Ukisahau ayodini, vinakulana njiani, na ukifika Shinyanga unahesabu walioshinda vita.

Wavu wa kuchujia mwani haukupatikana madukani. Mzee Lubinza aliushona mwenyewe, kwa kitambaa chepesi cha mtandio kutoka duka la Mzee Kanji, Mhindu aliyekuwa akiuza vitambaa mjini. Siku aliyonichukua kwenda kununua, Mzee Kanji aliuliza harusi ni ya nani.

"Ya mwani," akajibu Mzee Lubinza.

"Hiyo familia siijui," Mzee Kanji akasema, huku anapima. "Iko Mwanza?"

Tulicheka njia nzima. Lakini wavu ule ulidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua, na nilikwenda nao Geita safari ile ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati gugu maji limeshaingia ziwani. Nyinyi mmelikuta, mnaliona jambo la kawaida. Sisi tulilipokea kama mgeni mwenye maua mazuri ya zambarau, na watoto waliyachuma wakayapeleka kanisani. Halafu likafunga ghuba moja baada ya nyingine, mitumbwi ikakwama, nyoka wakapata makazi. Wenzetu wa upande wa ziwa hawakuwa na hadubini nzima, wakatuomba tuwaazime mtu na chombo. Mzee Lubinza mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Akanituma mimi, nikapanda lori kupitia Kahama na Bugarama, hadubini nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia gugu linafanya nini kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Msidharau vitu vidogo hivi, ndivyo vinavyowalisha dagaa, na dagaa ndio waliowalisha ninyi. Kwa ufupi, muwagawe makundi matatu. Wapo wenye maganda mfano wa kioo, na hao hupenda kushika kwenye mizizi ya gugu. Wapo wa kijani kibichi, wapole. Na wapo wa kijani kinachoelekea bluu, wanaojikusanya mabonge mabonge. Hawa wa tatu, jua likiwaka na upepo ukitulia, huelea juu, na maji yakawa na utando mithili ya rangi ya mlango iliyomwagika. Baadhi yao wana sumu na baadhi hawana, na kwa kuwatazama tu huwezi kujua. Ukiuona utando huo, mfukuze ng'ombe kwanza, maswali baadaye.

Kijiji nilichofikia kiko kwenye ghuba, jina lake naliacha, kwa sababu wajukuu wa watu wale bado wako. Nilipangishiwa chumba kwa Mama Kulwa, mjane aliyekuwa akikausha samaki kwa moshi na kuwauzia wachuuzi wanaokwenda machimboni. Binti zake pacha, Kulwa na Doto, walikuwa wameshaolewa mbali. Aliishi peke yake, mcheshi, mkali kwa wachuuzi wanaobana samaki kuangalia kama wamekauka. Na macho yake yalikuwa mekundu. Moshi wa miaka mingi, ungetegemea nini? Lakini ninyi mnajua kwetu Usukumani, enzi zile, macho mekundu ya mwanamke mzee aliyeishi peke yake yalimaanisha nini kwa watu wenye hofu: mchawi, na wachawi waliuawa. Yeye mwenyewe alijua. Akienda kisimani alijifunga kanga mpaka kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kila asubuhi, kama unavyomwamkia mama.

"Mwangaluka, ng'wanangu. Leo unakwenda kuyapa maji chai?"

Ndivyo alivyokuwa akinitania, kwa ajili ya ayodini. Tulicheka, na hatukujua kama wapo wengine wanaotazama chai ile bila kucheka.

Chini ya gugu nilikuta giza. Maji yalinuka kidogo, mwani ulikuwa wa kuhesabika, wale wa maganda ya kioo wameshikilia mizizi, wa kijani-bluu hawaonekani kwa urahisi. Ng'ombe walikuwa wakipenya pembeni, penye uwazi mdogo, wanakunywa na kutoka wamevaa maua. Kijiji kikachoka. Mzee Luhende, kamanda wa sungusungu, akaamuru mahali pa kunyweshea pasafishwe.

Sasa sikilizeni jinsi walivyopasafisha, kwa sababu hapa ndipo penye kisa. Kijijini kulikuwa na vikundi vya kulima kwa ngoma, Bagika na Bagalu, na kwa Wasukuma hakuna kazi nzito isiyoweza kufanywa mashindano. Wakakubaliana, Bagika waanze kushoto, Bagalu kulia, atakayefungua maji mengi zaidi ndiye mshindi. Wakahitaji mwamuzi asiye na upande. Wakanichagua mimi, mgeni wa serikali, nikakalishwa kwenye kiti kilichotoka shuleni.

Sijaona kazi tamu kama ile. Mapanga yalikwenda kwa ngoma, watu wamezama mpaka kifuani, wanatukanana kwa nyimbo ambazo siwezi kuwaimbia hapa. Maji yalifunguka, jua likaingia, wanawake wakapiga vigelegele. Kilichohesabiwa kilikuwa maji yaliyofunguka. Gugu lililokatwa halikuhesabiwa, na lina uzito wa ajabu, kwa hiyo hakuna aliyelibeba kulipeleka nchi kavu. Lilisukumwa pembeni, likabaki majini, likaanza kuoza. Bagalu walishinda. Mzee Luhende alikuwa Bagalu, na alinipa mkono mbele ya watu wote.

Mnajua kinachofuata, ninyi mliosoma. Kitu kinachooza majini ni mbolea, na ukiiongezea mbolea jua, kwenye maji yaliyozungukwa na ukuta wa gugu usiopitisha mawimbi, umelima shamba. Niliona mambo yakibadilika kwenye hadubini. Wale wa kioo wakapungua, mabonge ya kijani-bluu yakaongezeka kila nilipochota. Nikamwambia Mzee Luhende. Akasema maji ya kijani ni maji yenye afya, tazama nyasi. Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimesoma habari za sumu ile vitabuni tu, sijaiona ikiua.

Niliiona. Asubuhi moja ya joto, ziwa limetulia kabisa, ng'ombe walikunywa kwenye utando. Hawakufika mbali. Mmoja alianza kuyumba, miguu ya nyuma ikamkatika, akaanguka anatetemeka, ulimi nje. Mwingine akafuata. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekufa kadhaa, mmojawapo dume ambalo lilikuwa tegemeo la mahari ya kijana wa watu. Mwano ukapigwa, ile sauti ya kuita watu kwenye hatari, kijiji kizima kikakimbilia kwenye josho na pinde na marungu.

Kwanza walisema ni zebaki ya wachimbaji. Halafu mwenye dume lile, mtu mrefu asiyesema sana, akasema zebaki haina mikono. Akasema yeye amemwona mwanamke wa maabara akitia dawa ya kahawia kwenye maji, kila siku, mbele za watu. Nikaeleza kwamba dawa huingia chupani tu, haiendi ziwani. Akaniangalia kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali.

"Wewe ni mgeni, dada, una barua ya serikali. Hatukugusi. Tunajiuliza tu. Mgeni huingia kwa mlango wa mtu. Aliyekufungulia ni nani?"

Hakuna aliyegeuza kichwa, lakini kila mmoja alimtazama Mama Kulwa. Alikuwa amekaa na wanawake, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono mapajani. Mwanamke aliyekuwa karibu naye alisogea kidogo.

Nilielewa hapo. Mimi ningeondoka na lori. Yeye angebaki na nyumba yake ya miti, na mlango unaofungwa kwa kamba.

Nitawaambia nilichofanya, na msikifanye. Niliwaambia wangoje, nikaenda mbio kuleta hadubini. Nilidhani, kama mnavyodhani ninyi, kwamba mtu akiona kwa macho yake ataamini. Nikaiweka juu ya ukuta wa josho, nikaelekeza kile kioo chake kidogo kwenye jua, nikatia tone la maji ya kijani bila ayodini, ili waone vilivyo hai. Nikamkaribisha Mzee Luhende.

Aliinama, akafumba jicho moja, akatulia. Kisha akaruka nyuma, na nilimwona mzee yule shujaa akijifuta jicho kwa mkono wa shati.

"Vinatembea," akasema. "Wamejaa humo."

Minong'ono ikapita. Mtu mrefu akauliza, "Na hicho kinachong'aa chini ni kioo?"

Ni kioo, nikasema, cha kuleta mwanga. Nilipotamka neno lile niliona nyuso zikibadilika, ndipo nikajua nimejifunga mwenyewe. Mfumu kwetu ni mpiga ramli. Wengine huagua kwa kuku na wengine kwa kioo. Wa kioo hukitazama akaona yasiyoonekana. Nami nilikuwa nimesimama hadharani na kioo, na kamanda wao ameshuhudia kwamba ninaona.

Mzee Luhende akanisogelea. Sasa aliniita kwa heshima nyingine.

"Mayu," akasema, ingawa nilikuwa mdogo kwa binti yake. "Tumekukosea. Hatukujua una kazi hiyo. Basi maliza. Umeshaona kilichoua. Tuambie aliyekituma ni nani."

Watu wakakaa chini. Wote, kama wanavyokaa mbele ya mfumu. Kimya kile ndicho kinachoniamsha.

Niseme hakuna aliyekituma? Mfumu hasemi hakuna. Kimya changu kingesomwa kwamba ninamficha mtu, na mtu ambaye ningemficha alijulikana. Niseme ni mwani? Nilishasema, wakaniuliza mwani umetumwa na nani. Niseme jina la mtu wa mbali, mtu wa kubuni? Wangemtafuta mpaka wampate anayefanana. Nikashika ukuta wa josho. Nilimtazama Mama Kulwa, naye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliinua kanga, akanitazama na macho yake mekundu waziwazi. Hakuniomba kitu. Nadhani alikuwa amechoka kuyaficha.

Nikainama kwenye hadubini. Sikuona chochote, machozi yalikuwa yamejaa. Lakini niliinama muda mrefu, kama mfumu anavyofanya, nikatafuta neno.

"Namwona," nikasema. "Si mmoja. Ni wengi. Wako majini mpaka kifuani, wana mapanga, wanaimba. Wamegawanyika pande mbili, kushoto na kulia. Wanakata, lakini wanachokata hawakitoi. Wamekiacha kioze, na uozo ule ndio uliolisha hawa mnaowaona wanatembea."

Nikageuza skrubu ya hadubini, kama anayetafuta zaidi.

"Na kuna mtu amekaa kwenye kiti cha shule," nikaendelea. "Anawapigia makofi. Namwona uso. Ni mimi."

Mtu mrefu alisimama. Nilidhani ndiyo mwisho. Kutaja kijiji kizima ni hatari kuliko kutaja mtu mmoja, kwa sababu mtu mmoja hana wa kumtetea, lakini kijiji kizima kina marungu. Mzee Luhende alikuwa anatazama ziwa, mahali pale peupe palipofunguliwa, na lile tuta la gugu lililooza pembeni, linalotoa mapovu.

"Siku ile," akaniuliza polepole, "alishinda nani?"

"Mlishinda ninyi, baba. Bagalu."

Akatikisa kichwa. "Basi tumeshinda. Tumeshinda kuua ng'ombe wetu." Akamgeukia mtu mrefu. "Kaa chini, bwana. Wewe ulikuwa Bagika. Mlijitahidi pia."

Mtu mmoja alicheka, si kwa furaha, na kicheko kile kikafungua mlango. Mfumu akishaagua, hutoa masharti. Basi nikayatoa upesi, kabla hofu haijarudi. Gugu lote litolewe majini, libebwe mbali, penye kilima, mvua isilirudishe. Safari hii mshindi apimwe kwa lundo la nchi kavu. Ng'ombe wanywe upande wa mdomo wa ghuba, penye upepo. Na kila asubuhi maji yapimwe kabla ya ng'ombe kushuka.

"Yapimwe na nani?" akauliza Mzee Luhende. "Wewe unaondoka."

Nikaomba sahani. Mwanamke mmoja akatoa ya bati, nyeupe, iliyochubuka ukingoni. Hiki ni chombo cha zamani cha kazi yetu, na ninyi mna cha duka. Unaitoboa, unaifunga kamba yenye mafundo, unaizamisha ikiwa imelala. Ikipotea machoni upesi, maji yana kitu kingi. Ikionekana mpaka mbali chini, kunyweni, ila chemsheni. Nikaikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya wote, kwa Mama Kulwa. Nikasema kioo kimemchagua yeye. Mnisamehe, ninyi wa sayansi. Kioo hakikuchagua mtu.

Niliondoka na lori la samaki, sikutaka kuondoka, na sikuwa na sababu ya kubaki. Mzee Lubinza alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Umemwokoa kwa ramli, kitu kilekile kinachowaua wenzake," akasema. "Kwa hiyo usiache kurudi."

Miezi michache baadaye nilirudi. Kutoka barabarani nilitafuta moshi wa Mama Kulwa juu ya miti, na sikuuona. Nilipanda kwenda kwake mbio. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mlango umefungwa kwa kamba, jiko la kukaushia limepoa. Nikashuka ziwani bila kumsalimia mtu.

Alikuwa ukingoni, ameshika kamba, kanga iko mabegani. Wachungaji wamesimama nyuma yake na ng'ombe wao, wanasubiri. Akavuta sahani, akatikisa kichwa kwamba ni sawa, ng'ombe wakashuka. Ndipo akaniona.

"Mhola?" nikamjulia hali.

"Mhola duhu. Leo sikuwasha moto, kuni zimelowa." Akasubiri wachungaji wapite. Kila mmoja alimwamkia kwa kuinama, hata yule mtu mrefu. Akanisogelea sikioni. "Sasa wananisalimia wote, Kabula. Hilo ndilo linaloniogopesha. Siku maji yatakapochafuka na sahani isione, watakumbuka ni nani anayeongea nayo."

Nilichokuwa nacho ni nauli na chupa. Basi nikaomba ghuba ile iwe kituo changu cha kudumu cha sampuli, na mkubwa aliyemfuata Mzee Lubinza akinung'unika kwamba ni mbali, nilimwambia mwani wa pale una mambo ya pekee. Nilikwenda msimu wa mvua na wa kiangazi. Nilianza na sahani, kisha chupa. Nilimfundisha kazi ile mke wa Mzee Luhende, halafu binti wa yule mtu mrefu, mpaka wanaopima maji wakawa wengi, na hakuna ambaye angeweza kusema maji yanaongea na nani. Takwimu zangu nyingi za ghuba ile mnazozisifia zilipatikana hivyo. Nilikuwa nakwenda kuhakikisha kuna moshi.

Kwa hiyo mnaponiuliza jinsi ya kuchota sampuli, jibu langu ni hili: tia ayodini mbali na macho ya watu, au uwaite waitie wao. Na ukilala nyumbani kwa mtu, kumbuka kwamba wewe utaondoka.

Mama Kulwa alifariki baada ya mimi kustaafu. Doto alinipigia simu. Nilimuuliza kitu kimoja kabla hata ya kumpa pole, na alielewa kwa nini nauliza. Akasema alikufa mchana, kwa uzee, kitandani kwake.